Uraibu na Ugonjwa wa Akili: Mgonjwa Mmoja, Matabibu Wengi

Miongoni mwa wagonjwa wanaofikishwa katika hospitali za mikoa hapa Tanzania kwa sababu ya maradhi ya akili, wapo wengi ambao maradhi yao hayaji peke yake. Ndugu wanaomleta mgonjwa husema kwamba amebadilika, halali usiku, anasikia sauti za watu wasioonekana, na anawashuku hata wazazi wake kwamba wanataka kumtilia sumu. Wakiulizwa zaidi, huongeza kwa sauti ya chini kwamba kijana huyo anavuta bangi kila siku, au anakunywa gongo tangu asubuhi, au anatafuna mirungi usiku kucha. Mambo haya mawili, yaani uraibu na ugonjwa wa akili, hukutana katika mwili mmoja mara nyingi kuliko inavyodhaniwa. Hata hivyo, kwa muda mrefu utaalamu wa tiba umeyatenga, kila moja likapewa mlango wake, wahudumu wake na taratibu zake.

Matokeo ya kutenga huko ni kwamba mgonjwa huzungushwa. Akienda kwa wanaotibu akili huambiwa aache pombe kwanza. Akienda kwa wanaowasaidia waraibu huambiwa akatibiwe akili kwanza. Baina ya milango hiyo miwili wengi hupotea. Wengine huishia rumande, wengine hufungwa kamba nyumbani, na wengine hujiua.

Mazingira ya Mlima Meru

Mkoa wa Arusha una mazingira yanayolifanya suala hili kuwa zito. Katika miteremko ya Meru, kama ilivyo kwa majirani wa Kilimanjaro, ndizi si chakula tu. Ni pombe pia. Pombe za kienyeji zinazopikwa kwa ndizi na ulezi huwa na kilevi kidogo, na zamani zilinywewa kwa utaratibu: kwenye harusi, kwenye matambiko, katika baraza za wazee. Gongo ni jambo jingine kabisa. Pombe inaponerekwa, kilevi chake huongezeka mara nyingi, na kikombe kimoja hufanya kazi ya mtungi mzima. Serikali ilijaribu kuudhibiti unerekaji huo kwa sheria ya mwaka 1966, lakini mitambo ya kienyeji iliendelea kufukia moshi wake porini na kwenye kingo za mito. Baadaye vikaja viroba, yaani pombe kali iliyofungwa katika vifuko vidogo vya plastiki na kuuzwa kwa bei ambayo hata mwanafunzi aliimudu, hadi vilipopigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017.

Bangi nayo hulimwa mlimani. Mwaka 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya iliendesha operesheni ya kuteketeza mashamba ya bangi huko Kisimiri Juu, wilayani Arumeru. Mirungi, kwa upande wake, huvuka mpaka kutoka Kenya, ambako ni zao halali linalolimwa sana katika nchi ya Meru. Na Meru hiyo, iliyo kaskazini-mashariki ya Mlima Kenya, isichanganywe na Meru ya Arusha. Hapa Tanzania mirungi ni marufuku, lakini mpaka wa Namanga ni mwendo wa saa chache tu. Mwendo huo una maana yake kikemia. Kiini kinachochangamsha katika majani ya mirungi, kathinoni, huharibika katika muda wa siku mbili hivi baada ya kuchumwa, ndiyo sababu mafungu hufungwa kwa majani ya mgomba yasinyauke na kusafirishwa kwa haraka kubwa. Arusha imo ndani ya muda huo.

Kuna pia barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Dodoma, madereva wa masafa marefu, vijana wanaotafuta riziki katika utalii, na wachimbaji wa tanzanite wanaoshuka mashimoni Mirerani na kupanda mjini wakiwa na fedha nyingi leo na mikono mitupu kesho. Heroini, ambayo mtaani huitwa unga, ilianzia pwani, lakini imekwisha kufika bara.

Yanayotokea ndani ya ubongo

Ili kufahamu kwa nini maradhi haya mawili huandamana, yafaa kutazama jinsi chembe za neva zinavyopelekeana habari. Chembe moja haigusani na nyingine. Baina yao kuna mwanya mdogo sana, na habari huvushwa na kemikali. Mojawapo ya kemikali hizo ni dopamini, inayohusika na hamu, na furaha ya kupata kitu, na kuamua jambo gani katika mazingira lina uzito na lipi ni la kupuuzwa. Dopamini inapozidi katika sehemu fulani za ubongo, mtu huanza kuona uzito mahali ambapo haupo: mtu aliyekohoa dukani anakuwa mpelelezi, na wimbo wa redioni unakuwa ujumbe uliotumwa kwake. Hivi ndivyo wataalamu wengi wanavyoieleza sehemu ya ugonjwa wa skizofrenia.

Dawa zinazotumiwa kutibu ugonjwa huo, kama vile haloperidoli na klopromazini, hufanya kazi kwa kuzuia dopamini isipokelewe. Kathinoni ya mirungi hufanya kinyume chake: huifanya dopamini imwagike kwa wingi. Basi mgonjwa anayemeza haloperidoli asubuhi na kutafuna mirungi jioni ni kama nyumba ambayo fundi mmoja anaziba bomba huku mwenzake akifungulia koki. Daktari asiyejua habari za mirungi huona kwamba dawa haifanyi kazi, akaongeza kipimo. Mgonjwa akikakamaa misuli na kutetemeka kwa sababu ya kipimo hicho kikubwa, huiacha dawa, na pengine huongeza mirungi ili apate nafuu ya uzito aliotiwa na dawa. Mzunguko huo haumaliziki mpaka mtu mmoja aulize maswali ya pande zote mbili.

Kuhusu bangi, uchunguzi wa kukumbukwa ulichapishwa mwaka 1987 huko Sweden. Vijana zaidi ya 45,000 walioitwa jeshini miaka ya 1969 na 1970 walifuatiliwa kwa miaka 15. Wale waliokuwa wamevuta bangi kwa wingi walipatwa na skizofrenia mara sita zaidi kuliko wasiovuta. Takwimu hiyo haithibitishi kwamba kila mvuta bangi atarukwa na akili. Wengi wao hawakuugua. Inaonyesha kwamba kwa mtu mwenye mwelekeo wa ugonjwa huo, hususan akiwa bado kijana, bangi huharakisha safari.

Lipi limetangulia?

Swali hili huwashughulisha sana ndugu wa mgonjwa, na huwashughulisha madaktari vilevile. Edward Khantzian, daktari wa Marekani, alitoa mwaka 1985 dhana kwamba waraibu wengi hujitibu wenyewe: mwenye hofu hutafuta pombe imtulize, mwenye sonona hutafuta kitu cha kumwamsha. Dhana hiyo ina ukweli ndani yake, lakini imetumiwa kupita kiasi, maana kuna wengi ambao huzuni yao ilizaliwa na pombe yenyewe. Sandra Brown na Marc Schuckit waliwapima huko California wanaume waliolazwa kwa ajili ya ulevi, na mwaka 1988 wakaeleza kwamba siku ya kuingia asilimia 42 walikuwa na dalili nzito za sonona. Baada ya majuma manne bila pombe, wenye dalili hizo walibaki asilimia 6 tu. Hawakupewa dawa ya sonona, walipewa muda.

Kutokana na hayo ilizuka kanuni ya kusubiri: mwache mgonjwa akae majuma kadhaa bila kilevi ndipo ugonjwa wa akili upewe jina. Kanuni hiyo ni nzuri kwa mtu mwenye huzuni ya kawaida. Kwa anayesikia sauti zikimwamuru amdhuru mtu, au anayepanga kujiua, ni kanuni ya hatari, kwa sababu majuma manne hana. Tena wale asilimia 6 nao ni watu. Sonona yao haikuyeyuka pamoja na pombe, na wakiachwa bila tiba watarudi kwenye chupa.

Kwamba mkutano wa maradhi haya si wa bahati mbaya kulithibitishwa na uchunguzi mkubwa uliofanywa Marekani miaka ya 1980 kwa kuwahoji watu zaidi ya 20,000 katika miji mitano, na matokeo yake kutangazwa mwaka 1990. Kati ya waliowahi kuwa na skizofrenia, asilimia 47 walikuwa wamewahi pia kutumia pombe au dawa za kulevya kwa kiasi cha kuwadhuru. Idadi za Marekani haziwezi kuhamishiwa Arumeru bila kupimwa upya. Vileo ni tofauti, na maisha ni tofauti. Uhusiano wenyewe, hata hivyo, umeonekana kila mahali ulikotafutwa.

Jinsi milango ilivyotengwa

Hospitali ya kwanza ya wagonjwa wa akili katika sehemu hii ya Afrika ilikuwa Lutindi, katika milima ya Usambara. Wamisionari wa Kijerumani waliianzisha mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwaka 1904 ikageuzwa kuwa ya wagonjwa wa akili. Katika miaka ya 1920 serikali ya Kiingereza ilijenga hospitali ya Dodoma ambayo baadaye ilifahamika kwa jina la Mirembe. Kwa miongo mingi mgonjwa wa Arusha aliyezidiwa alipelekwa huko, safari ya kilometa zaidi ya 400, aghalabu akisindikizwa na askari na akiwa na amri ya hakimu. Aliporudi, kama alirudi, hapakuwa na mtu wa kumfuatilia. Mlevi hakupelekwa popote. Ulevi ulihesabiwa kuwa tabia, na mahali pake palikuwa kanisani, msikitini au mahakamani.

Badiliko kubwa la kwanza lilitokea mwaka 1980. Kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na shirika la misaada la Denmark, DANIDA, Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa afya ya akili, na mikoa miwili ikateuliwa kuwa ya majaribio: Morogoro na Kilimanjaro. Wazo lilikuwa jepesi kulieleza na gumu kulitekeleza, nalo ni kwamba huduma ya akili iondoke katika hospitali moja ya mbali na kuingizwa katika zahanati na vituo vya afya, mikononi mwa wauguzi na matabibu wasaidizi wanaotibu malaria na kuhara. Mafunzo yalitolewa, dawa chache za msingi zikapelekwa vijijini, na wagonjwa wakaanza kupata sindano zao karibu na nyumbani. Arusha, iliyo jirani ya Kilimanjaro, ilipata nafasi ya kuona kwa karibu jambo hilo linavyowezekana. Pombe na bangi, lakini, havikupewa nafasi kubwa katika fikra za wakati ule. Hadi mwaka 2010, Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake kwa wahudumu wasio mabingwa, ndipo ulevi, dawa za kulevya, kifafa, sonona na ugonjwa wa kurukwa na akili vilipowekwa katika kitabu kimoja ambacho mhudumu mmoja aweza kukifungua akiwa na mgonjwa mbele yake.

Sheria nazo zilifuata mikondo miwili. Ipo Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, na ipo Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015. Moja inamtazama mgonjwa, nyingine inamtazama zaidi mhalifu, ingawa ya pili nayo inatambua tiba ya waraibu. Mtu yule yule aweza kuangukia chini ya zote mbili kwa siku moja.

Dirisha la dawa

Mfano ulio dhahiri zaidi wa kuziunganisha huduma hizi hapa nchini ulianza Muhimbili, Dar es Salaam, mwezi Februari 2011, ilipofunguliwa kliniki ya methadoni kwa ajili ya watumiaji wa heroini. Miongoni mwa walioiongoza kazi hiyo alikuwa Dk. Jessie Mbwambo, daktari wa magonjwa ya akili. Na jambo hilo lenyewe, kwamba tiba ya uraibu iliwekwa chini ya idara ya akili na si mahali pa kando, lina uzito wake. Huduma hiyo ilienea baadaye Mwananyamala, Temeke, Zanzibar na mikoani, Arusha ikiwamo.

Methadoni ni dawa ya jamii moja na heroini, lakini tabia yake ni tofauti. Heroini hupanda haraka na kushuka haraka, na saa chache baadaye mtumiaji huingia katika maumivu ambayo wenyewe huyaita arosto: mwili kuuma, kuhara, kutoka jasho, kukosa usingizi. Methadoni hupanda polepole na kudumu mwilini zaidi ya saa 24. Mgonjwa hunywa kipimo chake mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, kisha huenda zake kazini. Hapati ulevi anaoutamani, na wala hapati arosto.

Sharti hilo la kufika kila siku, ambalo wagonjwa wengi hulilalamikia kwa haki, hasa wanaotoka mbali na mjini, limezaa faida ambayo haikukusudiwa. Hakuna mgonjwa mwingine wa nje anayeonwa na mtaalamu kila siku ya Mungu. Mfamasia aliye dirishani huwa wa kwanza kumwona aliyeacha kuoga, anayeongea peke yake, aliyekonda kwa juma moja, au anayenuka pombe. Hili la pombe ni la kufa na kupona, kwa kuwa methadoni na pombe vikikutana huweza kuzima pumzi ya mtu akiwa usingizini; ndiyo sababu mfamasia ana mamlaka ya kukataa kutoa kipimo mpaka daktari amwone mgonjwa. Papo hapo dirishani mgonjwa aweza kupewa dawa yake ya akili, ya kifua kikuu na ya virusi vya UKIMWI, akazimeza palepale.

Mahali pasipokuwa na mawasiliano ya namna hiyo, madhara hutokea bila mtu yeyote kukosea katika fani yake. Mathalani mgonjwa anayetumia methadoni akapatwa na kifua kikuu. Jambo hilo si nadra, na eneo hili lina historia ndefu ya maradhi hayo. Hospitali ya Kibong'oto, ng'ambo ya pili baina ya Meru na Kilimanjaro, imejengwa juu ya vita hivyo tangu 1926. Daktari wa kifua humwandikia rifampisini, kama inavyopasa. Rifampisini huliamsha ini na kulifanya livunjevunje dawa nyingine kwa kasi kubwa, methadoni ikiwa mojawapo. Baada ya siku kadhaa kipimo kilichokuwa kikimtosha mgonjwa hakimtoshi tena. Anaingia katika arosto ilhali amekunywa methadoni yake asubuhi. Anaamini kwamba amepewa maji. Anarudi kwenye unga, au anaacha vidonge vya kifua kikuu kwa kuwa ndivyo vilivyoanza siku yale mateso yalipoanza, na hapo hakosei. Kabamazepini, inayotumiwa kutibu kifafa na pia kutuliza hali ya akili, ina tabia hiyo hiyo. Dawa yake yote ni barua fupi ya daktari mmoja kwenda kwa mwenziwe kabla ya kidonge cha kwanza, ili kipimo cha methadoni kipandishwe kidogo kidogo, na barua ya pili rifampisini inapokwisha, ili kipimo kishushwe. Bila ile barua ya pili, mgonjwa aliyepona kifua kikuu aweza kufa kwa methadoni.

Usiku wa tatu

Pombe, iliyo kileo cha watu wengi zaidi kuliko heroini katika eneo la Meru, ina mtego wake, nao hutokea wakati ambapo mtu ameiacha. Mlevi wa miaka mingi akikatizwa ghafla, labda kwa kuwa amevunjika mguu katika ajali ya pikipiki na kulazwa katika wodi ya upasuaji, huanza kutetemeka katika saa chache za kwanza. Katika siku mbili za mwanzo aweza kupatwa na degedege. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huingia katika hali ya kuweweseka: huona wadudu wakitambaa ukutani, huzungumza na marehemu, hutoka jasho jingi, moyo hupiga mbio na joto la mwili hupanda. Wagonjwa wa jirani husema amerogwa. Mhudumu asiyeelewa husema ana wazimu, na kumpa klopromazini ili atulie. Klopromazini hurahisisha degedege. Dawa inayotakiwa ni ya jamii ya diazepamu, maji ya kutosha, na thiamini, yaani vitamini B1, kwa sindano. Hali hiyo isipotibiwa huua.

Thiamini yastahili kuongezewa maneno machache. Mnywaji wa gongo aghalabu hali chakula cha kutosha, na akiba yake ya vitamini hiyo huisha. Ubongo unahitaji thiamini ili utumie sukari. Mgonjwa kama huyo akitundikiwa dripu ya glukosi kabla ya kupewa thiamini, ile akiba ndogo iliyobaki huteketea, naye huweza kupatwa na maradhi ambayo Carl Wernicke wa Ujerumani aliyaeleza mwaka 1881: macho kuyumba, miguu kupepesuka, akili kuchanganyikiwa. Wasiowahiwa hubaki wakiwa wamepoteza kumbukumbu moja kwa moja. Kuna watu vijijini wanaoitwa vichaa leo ambao maradhi yao yalianzia hapo.

Hapa ndipo daktari wa mifupa, muuguzi wa zamu ya usiku na daktari wa akili wanapohitajiana, tena kabla ya usiku wa tatu. Mbinu moja ni kumpima kila majeruhi kwa maswali. Shirika la Afya Duniani lilitengeneza dodoso la maswali kumi kuhusu unywaji, likatokana na utafiti wa nchi sita, Kenya ikiwa nchi pekee ya Afrika miongoni mwao. Majibu hupewa alama kutoka sifuri hadi 40, na anayefikisha 8 huhesabiwa kuwa yumo hatarini. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, watafiti walilithibitisha dodoso hilo kwa Kiswahili kwa majeruhi wa idara ya dharura, kisha wakaandaa mazungumzo mafupi yanayoendeshwa na wauguzi, yakapewa jina la Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Mgonjwa aliyeketi na mkono uliovunjika huulizwa yeye mwenyewe anaonaje uhusiano wa mkono ule na pombe. Wauguzi waliochaguliwa kwa kazi hiyo si mabingwa wa akili, na hilo ni la makusudi. Mabingwa wa akili nchini hawafiki hata mmoja kwa kila watu laki tano. Kuwasubiri wao ni kusubiri bure.

Wasiovaa koti jeupe

Ushirikiano hauishii hospitalini. Tangu mwaka 2009, ulipoanza Zanzibar, utaratibu wa nyumba za upataji nafuu umeenea hadi bara, na Arusha inazo. Nyumba hizo huendeshwa zaidi na watu waliowahi kuwa waraibu, na nguvu yake ni kwamba mgeni hupokelewa na mtu anayejua arosto kwa mwili wake. Udhaifu wake hutokana na chimbuko hilo hilo. Katika baadhi ya makundi ya waliopata nafuu, kuacha hutafsiriwa kuwa kuacha kila kitu, vidonge vya daktari vikiwa pamoja. Mwenye skizofrenia akinyang'anywa dawa zake kwa jina la usafi wa mwili, baada ya majuma machache husikia tena sauti, hufukuzwa kwa utovu wa nidhamu, na kurudi mtaani akiwa na maradhi yote mawili. Haipasi kuwalaumu waanzilishi wa njia hiyo. Chama cha Alcoholics Anonymous, kilichoanza Marekani mwaka 1935, chenyewe kilichapisha kijitabu mwaka 1984 kikiwaonya wanachama wake wasijifanye madaktari. Muuguzi wa akili akiitembelea nyumba kama hiyo mara moja kwa juma, na kumwachia msimamizi maelezo ya kila kidonge ni cha nini, mengi ya haya huepukwa. Sindano ya fluphenazini, inayochomwa mara moja kwa majuma kadhaa, huondoa kabisa ugomvi wa vidonge.

Viongozi wa dini na waganga wa jadi nao hawakwepeki, kwa kuwa familia nyingi za Wameru, Waarusha na Wachaga huanzia kwao. Mwombezi anayemruhusu mgonjwa ameze dawa huku akiombewa ni mshiriki katika tiba. Anayemwamuru azitupe ni tatizo ambalo daktari hataliondoa kwa kulidharau. Afisa ustawi wa jamii hutatua mambo ambayo dawa haiyafikii: kesi iliyo mahakamani, shamba linalogombaniwa na kaka wakati mgonjwa amelazwa, nauli ya kutoka Ngarenanyuki hadi mjini. Mtaalamu wa tiba kazi, ambaye chuo cha fani yake kipo KCMC, humrudisha mgonjwa katika kazi ya mikono. Na mtu aliyepona bila kazi ya kufanya saa kumi jioni huenda mahali alipokuwa akienda zamani saa kumi jioni.

Yafaa kusema wazi kwamba ushahidi wa kisayansi kuhusu tiba ya pamoja si wa kushangilia. Robert Drake na wenzake wa New Hampshire, Marekani, ndio waliojitahidi zaidi kuieneza katika miaka ya 1990, lakini mapitio ya majaribio mengi yaliyochapishwa mwaka 2013 na tena 2019 hayakuona kwamba aina moja ya ushauri na mazungumzo inaishinda nyingine, wala kwamba inaushinda wazi utunzaji wa kawaida. Maelezo yenye mantiki ni kwamba katika nchi zilikofanyika majaribio mengi, huo unaoitwa utunzaji wa kawaida tayari una faili moja, dawa zisizokatika na mtu wa kumfuatilia mgonjwa nyumbani. Pale ambapo kawaida ni kuzungushwa baina ya milango miwili, kulinganisha kwa namna hiyo hakujafanywa vya kutosha.

Hadi hapo utafiti utakapofanywa, kuna mambo ambayo ndugu wa mgonjwa waweza kuyafanya bila kusubiri. Wanapomleta hospitalini, wachukue kila kidonge, chupa na karatasi ya dawa iliyomo nyumbani, hata ile iliyotoka kwa mganga. Waseme kweli kuhusu kileo, bila kukipunguza kwa aibu; muuguzi hayuko pale kwa ajili ya polisi, na siri ya mgonjwa inalindwa na maadili ya kazi yake. Na waseme siku na saa ambayo mgonjwa alikunywa au kutumia kwa mara ya mwisho. Kwa saa hiyo ndipo muuguzi anapoanza kuhesabu ule usiku wa tatu.